Kiungo kigumu na kiungo cha ishara: mwongozo kamili wa amri ya ln

Kila mpiga picha wa harusi hapa Nairobi analijua tatizo hili: picha ileile inatakiwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Lazima ikae kwenye folda ya siku ya harusi, bi harusi anaitaka kwenye albamu yake, na mchapishaji wa River Road anaisubiri kwenye folda ya kazi za wiki. Wengi hunakili tu. Kabla ya harusi za Desemba kwisha, diski imejaa, na nakala tatu za picha moja zimeshaanza kutofautiana. Moja imerekebishwa rangi, mbili bado, na hakuna mwenye uhakika ni ipi ya kumkabidhi mteja.

Dawa ya jambo hili ni ya zamani. Amri ya `ln` ilikuwemo kwenye toleo la kwanza la Unix, mfumo endeshi ambao Linux inafuata mtindo wake, mwaka 1971, na wakati huo ilitengeneza aina moja tu ya kiungo, kile tunachokiita kiungo kigumu. Kiungo cha ishara kilikuja baadaye na kuenea kupitia 4.2BSD, toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Aina zote mbili zimo kwenye kila kompyuta ya Linux unayoikuta leo, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza kazi za watu. Kwa hiyo nitaenda hatua kwa hatua, na nakuomba ufungue terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike amri pamoja nami. Jambo hili halikai kichwani kwa kusoma peke yake.

Jina si faili

Ukishalielewa hili, mengine yote yatafuata yenyewe. Unapoona `harusi.jpg` ndani ya folda, unachokiona ni jina. Faili yenyewe ni kitu kingine: ni data iliyolala kwenye diski, pamoja na rekodi ndogo inayoitwa inodi. Inodi inahifadhi ukubwa wa faili, mwenyewe ni nani, ruhusa zake, saa iliyobadilishwa mwisho, na sehemu za diski data ilipo. Inahifadhi pia idadi ya majina yanayoielekea. Kitu kimoja ambacho haihifadhi ni jina lenyewe. Majina yanakaa kwenye folda, na folda kwa hakika ni orodha tu: jina hili, namba ya inodi hii.

Fikiria namba za simu ulizohifadhi. Unaweza kuweka namba moja kwa majina mawili, "Mama Mboga" na "Mama Achieng". Futa moja, bado utampata kwa lile lingine. Hicho ndicho kiungo kigumu. Sasa fikiria umeandika jina la tatu, "Sukuma", na mahali pa namba ukaandika "tafuta Mama Mboga". Siku ukilifuta jina la Mama Mboga, "Sukuma" litabaki kwenye orodha lakini halikufikishi popote. Hicho ndicho kiungo cha ishara.

Hatua ya kwanza: uwanja wa mazoezi

```
mkdir ~/mazoezi
cd ~/mazoezi
echo "Bei ya albamu: 15000" > bei.txt
ls -li
```

Herufi `i` kwenye `ls -li` ndiyo inayoonyesha namba ya inodi. Utaona mstari wa namna hii, ingawa namba zako zitakuwa tofauti:

```
1315892 -rw-rw-r-- 1 studio studio 21 Mei 12 10:04 bei.txt
```

Namba ya kwanza kabisa ni inodi. Ile `1` inayofuata ruhusa ni idadi ya majina. Watu wengi hutumia Linux miaka mingi bila kuuliza ile `1` ni ya nini, na kumbe ndiyo inayoamua uhai wa faili.

Hatua ya pili: kiungo kigumu

```
ln bei.txt orodha.txt
ls -li
```

```
1315892 -rw-rw-r-- 2 studio studio 21 Mei 12 10:04 bei.txt
1315892 -rw-rw-r-- 2 studio studio 21 Mei 12 10:04 orodha.txt
```

Mpangilio ni kama wa `cp`: kilichopo kinatangulia, jina jipya linafuata. Inodi ni moja na idadi imepanda hadi 2. Hapa hakuna "faili halisi" na "kiungo chake". Majina yote mawili yana hadhi sawa, na mfumo haukumbuki lipi lilitangulia. Ongeza mstari kupitia jina moja, kisha usome kupitia lingine:

```
echo "Picha kubwa: 3000" >> orodha.txt
cat bei.txt
```

Mistari yote miwili ipo. Ukibadilisha ruhusa kwa `chmod` kwenye jina moja, zimebadilika kwa yote, kwa sababu ruhusa ziko kwenye inodi. Sasa futa jina la kwanza:

```
rm bei.txt
ls -li
```

`orodha.txt` ipo nzima, na idadi imerudi 1. Amri ya `rm` haifuti data. Inaondoa jina kwenye folda na kupunguza idadi. Data huachiliwa pale tu idadi inapofika sifuri na hakuna programu iliyoifungua faili hiyo.

Sharti hilo la mwisho huwasumbua sana wanaotunza seva. Faili ya kumbukumbu (log) imevimba, mtu anaifuta, lakini `df`, amri ya kupima nafasi ya diski, inaonyesha diski bado imejaa. Sababu ni kwamba programu inayoandika kumbukumbu bado imeishikilia inodi, ingawa jina limeondoka. Amri ya `sudo lsof +L1` (`sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi) itakuorodheshea faili za namna hiyo, zilizofunguliwa bila kuwa na jina. Iwashe upya programu husika na nafasi itarudi.

Hatua ya tatu: kiungo cha ishara

```
ln -s orodha.txt njia.txt
ls -li
```

```
1315901 lrwxrwxrwx 1 studio studio 10 Mei 12 10:11 njia.txt -> orodha.txt
1315892 -rw-rw-r-- 1 studio studio 39 Mei 12 10:09 orodha.txt
```

Angalia tofauti. Inodi ni mbili. Mstari wa kiungo unaanza na herufi `l`, na idadi ya majina ya `orodha.txt` haikupanda. Ukubwa wa kiungo ni baiti 10, na neno `orodha.txt` lina herufi 10. Si bahati: kiungo cha ishara hakibebi chochote zaidi ya maandishi ya njia. Zile ruhusa `rwxrwxrwx` zisikutishe. Kwenye Linux hazitumiki, na ruhusa zinazohesabiwa ni za faili inayolengwa.

Sasa badilisha jina la faili inayolengwa:

```
mv orodha.txt zamani.txt
cat njia.txt
```

```
cat: njia.txt: No such file or directory
```

Mgeni hushangaa hapa, maana `ls` inamwonyesha `njia.txt` ipo. Ipo kweli, kinachokosekana ni kule inakoelekeza. Tengeneza faili mpya yenye jina la `orodha.txt`, na kiungo kitafufuka palepale, ila sasa kinasoma hiyo mpya. Kiungo cha ishara hufuata jina, kiungo kigumu hufuata inodi. Kila unapotaka kuchagua kati ya viwili hivi, jiulize unataka kufuata kipi.

Mtego wa njia fupi

Kosa linalotokea kuliko yote kwenye viungo vya ishara ni hili. Mtu yuko ndani ya `~/studio`, na ndani yake kuna folda `picha` na `albamu`. Anaandika:

```
ln -s picha/h0412.jpg albamu/h0412.jpg
```

Amri inapita bila lalamiko, lakini kiungo kimekufa tangu kuzaliwa. Njia iliyoandikwa ndani ya kiungo husomwa kuanzia pale kiungo kilipo. Haihesabiwi kutoka pale wewe ulipokuwa umesimama. Kikiwa ndani ya `albamu`, kiungo kinatafuta `albamu/picha/h0412.jpg`, na mahali hapo hapapo. Andika hivi:

```
ln -s ../picha/h0412.jpg albamu/h0412.jpg
```

Au uiachie `ln` ya Linux ikupigie hesabu kwa `-r`:

```
ln -sr picha/h0412.jpg albamu/h0412.jpg
```

Kwenye macOS hiyo `-r` usiitegemee.

Je, uandike njia fupi au njia kamili inayoanzia kwenye `/`? Kama kiungo na faili vitasafiri pamoja, mathalani viko kwenye diski moja ya nje inayochomekwa leo kwenye laptopu hii na kesho kwenye ile, tumia njia fupi. Kama kiungo ndicho kitakachohamishwa na faili itabaki pale pale, tumia njia kamili.

Kiungo kigumu kinapogoma

Jaribu kukivusha kwenda kwenye diski nyingine:

```
ln zamani.txt /media/studio/DISKI/zamani.txt
```

Utajibiwa `Invalid cross-device link`. Namba ya inodi ina maana ndani ya mfumo mmoja wa faili tu, yaani mpangilio wa faili uliowekwa kwenye diski au kipande kimoja cha diski. Inodi 1315892 ya diski hii haihusiani na 1315892 ya diski ile. Hata patisheni (vipande) mbili za diski moja huhesabiwa kuwa mifumo miwili. Kiungo cha ishara hakina kizuizi hicho.

Folda nayo haikubali kiungo kigumu: `hard link not allowed for directory`. Folda ingeruhusiwa kuwa ndani ya mjukuu wake, mti wa faili ungejizungusha bila mwisho. Viungo vya ishara vinaweza kujizungusha, lakini Linux huvitambua na kuacha kufuata baada ya viungo 40, kisha inakuambia `Too many levels of symbolic links`.

Halafu kuna suala la flashi. Flashi nyingi unazonunua Luthuli huja zikiwa na FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina kiungo cha aina yoyote kati ya hizi mbili. Ukijaribu, utapata `Operation not permitted`, na hata `sudo` haitakusaidia. Kwa mpiga picha hili ni la muhimu sana: ukitaka kumkabidhi mteja folda iliyojaa viungo vya ishara, nakili ukiwa umeviambia vigeuke faili kamili:

```
cp -rL albamu/ /media/studio/FLASHI/
```

Fungua flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine kabla mteja hajaondoka.

Saa ya Nairobi, na kwa nini aina ya kiungo ina uzito

Mfano mzuri upo tayari kwenye kompyuta yako. Andika:

```
ls -l /etc/localtime
```

Kama mashine imewekewa saa za hapa, utaona mshale unaoelekea `/usr/share/zoneinfo/Africa/Nairobi`. Ni kiungo cha ishara, na ndicho kinachobadilishwa unapoandika `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`.

Kwa nini hawakutumia kiungo kigumu? Sababu ni tatu. Kwanza, `/usr` inaweza kuwa kwenye patisheni tofauti. Pili, mfumo unasoma jina la ukanda wa saa kutoka kwenye njia iliyoandikwa ndani ya kiungo, na kiungo kigumu kingelipoteza jina hilo. Ya tatu ndiyo nzito. Data za saa zinaposasishwa, faili mpya huandikwa pembeni kisha hupewa jina la ile ya zamani. Kiungo kigumu kingeendelea kushikilia inodi ya zamani, na kompyuta ingebaki na data zilizopitwa na wakati bila kutoa onyo lolote.

Ingia sasa kwenye folda yenyewe:

```
cd /usr/share/zoneinfo/Africa
ls -li Nairobi Kampala Dar_es_Salaam Addis_Ababa
```

Kwenye hifadhidata ya kanda za saa ya IANA, shirika linaloitunza, Kampala, Dar es Salaam, Addis Ababa, Mogadishu na miji mingine ya ukanda wetu imeandikwa kama kiungo cha kwenda Nairobi. Kuna Linux zinazoweka viungo vigumu hapo, na kuna zinazoweka vya ishara. Sasa una macho ya kuona zako ni zipi: namba ya inodi inayojirudia, au mshale.

Programu zinazokata kiungo bila kukuambia

Sababu ile ya tatu inagusa kazi za kila siku. Rudi kwenye mazoezi:

```
cd ~/mazoezi
ln zamani.txt pili.txt
sed -i 's/3000/3500/' zamani.txt
ls -li zamani.txt pili.txt
```

Inodi zimeachana. `pili.txt` bado ina 3000. `sed -i`, amri ya kubadilisha maneno ndani ya faili, iliandika faili mpya kisha ikalihamishia jina kwake, na vihariri kadhaa pamoja na programu za kurekebisha picha huhifadhi kwa mtindo huohuo. Nyingine huandika juu ya inodi ileile, na kiungo hubaki. Huwezi kujua kwa kuitazama programu. Pima: tengeneza kiungo kigumu, fungua, badilisha, hifadhi, kisha `ls -li`.

Kwa hiyo kwenye studio ningeshauri hivi. Picha ghafi zilizotoka kwenye kamera, ambazo hakuna anayezigusa tena, zinafaa viungo vigumu: ziweke kwenye folda ya siku na kwenye folda ya mteja, na yeyote akifuta upande mmoja kwa bahati mbaya, upande wa pili umesalimika. Picha zinazoendelea kurekebishwa zipewe viungo vya ishara, ili albamu ionyeshe daima toleo la mwisho.

Na tafadhali, kiungo kigumu kisichukuliwe kuwa bekapu. Data ni moja. Diski ikifa, majina yote yamekufa pamoja.

Bekapu inayotumia viungo vigumu

Hata hivyo viungo vigumu vinaweza kukujengea bekapu bora kwenye diski ya pili, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Diski hiyo iwe na ext4 au mfumo mwingine wa faili wa Linux. Tutatumia `rsync`, amri ya kunakili na kulinganisha folda:

```
rsync -a /studio/ /hifadhi/jumatatu/
rsync -a --link-dest=/hifadhi/jumatatu /studio/ /hifadhi/jumanne/
```

Siku ya pili, `rsync` inalinganisha. Faili iliyobadilika inanakiliwa upya. Ambayo haikubadilika inapewa kiungo kigumu cha kwenda kwenye ile ya Jumatatu, hivyo haichukui nafasi mpya ya data. Ukifungua `/hifadhi/jumanne` unaona studio nzima, kamili. Ukihitaji nafasi, futa Jumatatu yote kwa `rm -r`. Jumanne haitikisiki, kwa kuwa inodi bado zina jina. Tazama matumizi halisi:

```
du -sh /hifadhi/jumatatu /hifadhi/jumanne
```

Zikiwa kwenye amri moja, `du` huihesabu kila inodi mara moja, na utaona Jumanne ni ndogo mno.

Mambo mawili ya kuchunga. Njia unayoipa `--link-dest` iwe kamili, maana njia fupi huhesabiwa kuanzia folda unakopeleka. Na usihariri faili yoyote ukiwa ndani ya `/hifadhi`: programu ikiandika juu ya inodi, umebadilisha siku zote kwa mpigo. Ukitaka kuhamishia bekapu hizi kwenye diski nyingine, ongeza `-H`, kwa sababu `rsync -a` peke yake inalinda viungo vya ishara lakini haivitambui vigumu, na kila siku itageuka nakala nzima.

Kubadilisha toleo la tovuti kwa kiungo cha ishara

Wanaotunza tovuti huweka kila toleo kwenye folda yake, na seva inasoma kiungo kimoja, tuseme `sasa`. Kubadilisha:

```
ln -s /srv/duka/toleo-2 /srv/duka/mpya
mv -T /srv/duka/mpya /srv/duka/sasa
```

`mv` hubadilisha jina kwa tendo moja, kwa hiyo hakuna mteja atakayekuta pengo. Ile `-T` ni ya lazima, vinginevyo `mv` itakiingiza kiungo kipya ndani ya folda ambayo `sasa` inaelekea. `ln -sf` bila `-n` ina tabia hiyohiyo, na ndiyo maana watu hukuta kiungo cha ajabu ndani ya toleo la zamani huku tovuti haijabadilika. Toleo jipya likileta shida, rudia amri zilezile ukielekeza kwenye `toleo-1`.

Kufuta nako kuna uangalifu wake. `rm sasa` inaondoa kiungo tu. `rm -rf sasa/*` inapita ndani ya kiungo na kufagia folda inayolengwa. Kabla ya kufuta chochote chenye mshale, andika jina lake bila mkwaju (`/`) mwishoni.

Kwenye Windows

NTFS, mfumo wa faili wa Windows, inazo aina zote mbili, kupitia `mklink` kwenye dirisha la `cmd`. Mpangilio umegeuka: jina jipya linatangulia.

```
mklink /H orodha.txt bei.txt
mklink njia.txt bei.txt
mklink /D albamu D:\picha
```

`/H` ni kiungo kigumu, bila kitu ni cha ishara, na `/D` ni cha ishara kwa folda. Viungo vya ishara huhitaji `cmd` iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, au uwe umewasha hali ya wasanidi (Developer Mode) kwenye mipangilio ya Windows 10 au 11.

Kuvitafuta na kuvitengeneza

Kupata majina yote ya faili moja ndani ya mfumo mmoja wa faili:

```
find /studio -xdev -samefile /studio/picha/h0412.jpg
```

Kujua kiungo cha ishara kinaishia wapi hasa, hata kikipitia viungo vingine:

```
readlink -f albamu/h0412.jpg
```

Na kuvikusanya viungo vyote vya ishara vilivyokatika:

```
find /studio -xtype l
```

Ukipata orodha ndefu ghafla, usikimbilie kufuta. Mara nyingi ni folda moja iliyobadilishwa jina au diski ambayo haijachomekwa. Rudisha jina au chomeka diski, kisha endesha amri tena. Vitakavyosalia kwenye orodha vitengeneze kimoja kimoja kwa `ln -sfn`, ukianza na njia sahihi na kumalizia na jina la kiungo, au vifute kwa `rm`.